GlassFish imezeeka: tuhamie Tomcat, WildFly au tununue WebLogic?

stoo_gerezani

Wakuu, habari za kazi. Tunasambaza vipuri vya magari. Ghala kuu liko Gerezani, matawi yapo Buguruni, Mbagala na Tegeta. Mfumo wa mauzo na stoo tuliandikiwa kwa Java 8, unatumia GlassFish 4.1 (seva ya kuendeshea programu za Java) na kanzidata ya PostgreSQL.

Watumiaji ni kama 70 kwa wakati mmoja. Risiti ni takriban 3,000 ndani ya saa kumi za kazi, zote zinakwenda VFD (mfumo wa risiti za kodi wa TRA), na malipo ya simu yanathibitishwa hapo hapo kwa kuita huduma ya nje. Tuna seva mbili zenye VMware (programu ya kugawa seva kuwa mashine pepe), kila moja ina soketi 2 za kore 16. Waajiriwa wote ni 140, madereva na wapakiaji wakiwemo.

Jioni kati ya saa 10 na saa 12 mfumo unaganda dakika kadhaa, halafu unafunguka wenyewe. Mkandarasi kaleta proforma ya WebLogic Enterprise, seva ya kulipia ya Oracle. Kijana wetu wa TEHAMA anasema Tomcat inatosha na ni bure. Aliyeandika mfumo anataka WildFly, na juu yake Kafka (mfumo wa foleni za ujumbe) kwa ajili ya risiti. Bosi anataka ukurasa mmoja kabla hajasaini. Nalinganishaje vitu hivi?

fundi_wa_bomba

Mkuu, mwambie bosi aweke kalamu chini kwanza. Hapo kuna maswali mawili: kwa nini mfumo unaganda, na seva gani ichukue nafasi ya GlassFish. Ukinunua kabla ya kujibu la kwanza, hata seva isiyohusika itaonekana imetibu.

Mfumo ukiwa umeganda, piga amri hii mara tatu, ukiacha sekunde 10 katikati:

`jstack -l PID > t1.txt`

(PID ni namba ya mchakato wa GlassFish; mara ya pili andika t2.txt, ya tatu t3.txt.)

Tafuta nyuzi zenye jina la http-listener (nyuzi za Java, yaani vibarua vya ndani ya seva vinavyohudumia maombi, si uzi huu wa mjadala) uone zimesimama wapi. Zikiwa kwenye `socketRead0` na mistari ya chini yake inataja darasa linaloita huduma ya nje, mnasubiri mtandao. Zikiwa kwenye `socketRead0` lakini mistari ya chini yake inataja `org.postgresql`, kuna ulizo zito kwenye kanzidata. Zikiwa kwenye `getConnection`, akiba ya miunganisho ya kanzidata imekauka. Zikiwa zimeandikwa BLOCKED zote kwenye kufuli moja, tatizo liko kwenye msimbo wenu.

Halafu hii, inayoonyesha kikomo cha nyuzi:

`asadmin get "configs.config.server-config.thread-pools.thread-pool.http-thread-pool.max-thread-pool-size"`

Kama hakuna aliyewahi kuigusa, utakuta 5. Ndiyo, tano. Tomcat inakuja na 200. Sasa piga hesabu: risiti 3,000 kwa saa kumi ni 5 kwa dakika, tuseme jioni zinafika 20 kwa dakika. Huduma ya nje ikichelewa sekunde 60, nyuzi 20 zimeshikwa zikisubiri tu. Kwenye seva ya nyuzi 5, watumiaji wote 70 wamesimama, hata anayetaka kuangalia bei ya breki pedi. Kwenye seva ya nyuzi 200 hakuna atakayejua. Ndiyo maana ukihamia Tomcat, WildFly au WebLogic, yoyote ile, kila mtu atasema "hii ndiyo yenyewe", kumbe mmebadilisha namba moja.

Chanzo chenyewe kiko kwenye msimbo. `HttpURLConnection` ya Java usipoiwekea muda wa kusubiri, inasubiri milele. Weka `setConnectTimeout(3000)` na `setReadTimeout(10000)`, kisha muamue mfumo ufanye nini jibu lisipokuja. "Malipo hayajathibitika, jaribu tena" ni jibu halali. Kuganda si jibu.

Kuhusu seva, uliza msimbo unatumia nini:

`grep -rl "javax.ejb" src | wc -l`
`grep -rl "javax.jms" src | wc -l`
`grep -rl "@Schedule" src | wc -l`
`grep -rl "javax.faces.bean" src | wc -l`

Tomcat ni ya servlet na JSP, yaani sehemu ya wavuti tu. Haina EJB (vipande vya msimbo vinavyosimamiwa na seva) wala JMS (foleni za ujumbe), na kipima saa cha `@Schedule` haikijui. WildFly, Payara, Open Liberty na WebLogic ni seva kamili. Amri mbili za kwanza na ya tatu zikitoa sifuri, kijana wenu yuko sahihi. Zikitoa 40, "bure" ya Tomcat ni miezi ya kuandika upya. Leta majibu.

Na `java -version` usiisahau.

kore_kwa_kore

Nakuja na upande wa pesa, maana ndio proforma nyingi huupitia harakaharaka.

WebLogic inauzwa kwa "prosesa", lakini prosesa ya Oracle si ile chipu unayoishika mkononi. Unahesabu kore, unazidisha kwa kigezo, na kwa Intel na AMD za kawaida kigezo ni 0.5. Seva zenu mbili zina kore 64, kwa hiyo ni leseni 32. Mkandarasi akikuambia "tutaipa mashine pepe yenye kore 4 tu, lipia 2", msimame. Kwa sera ya Oracle, VMware haikati hesabu. Wao wanahesabu kore zote za mashine ambazo mashine pepe hiyo inaweza kuhamia. Kama proforma inasema leseni 2, aandike kwenye mkataba nani atalipa tofauti siku ya ukaguzi.

Njia ya kulipia kwa mtumiaji aliyetajwa haiwaokoi. Ina kima cha chini cha watumiaji 10 kwa kila prosesa, yaani 320 kwenu, wakati mna 70. Na wanahesabiwa watu wote walioruhusiwa kuingia, si walio ndani kwa wakati mmoja. Juu ya hapo kuna usaidizi, 22% ya bei ya leseni kila mwaka. Miaka mitano ni 110%: mmeshailipa leseni mara ya pili na zaidi. Msishawishike na toleo la Standard kwa sababu ya bei, halina klasta (seva kadhaa kufanya kazi kama moja).

WebLogic si mbovu. Kama mngekuwa na mfumo wa kununuliwa unaoidai, mfano Oracle FLEXCUBE ya mabenki, au Oracle RAC (kanzidata moja juu ya nodi kadhaa) inayohitaji miunganisho ihame yenyewe nodi ikianguka, ningesema lipeni. Kwa PostgreSQL na stoo nne za vipuri, hapana.

Hiyo `java -version` aliyoitaja fundi ina pesa ndani. Ikisema "OpenJDK Runtime Environment" lala usingizi. Ikisema "Java(TM) SE Runtime Environment" na namba ya sasisho ni 211 kwenda juu, hiyo ni Java ya Oracle, na kuitumia kibiashara kunahitaji malipo. Tangu Januari 2023 wanatoza kwa idadi ya waajiriwa wote wa kampuni, si kwa seva. Bei ya orodha kwa kampuni yenye watu chini ya 1,000 ni dola 15 kwa mtu kwa mwezi. 140 × 15 × 12 = dola 25,200 kwa mwaka, mlinzi wa getini akiwemo. Dawa ni kuing'oa na kuweka Eclipse Temurin 8, ambayo ni bure. Fanyeni hivyo pia kwenye kompyuta za matawi zilizosakinishwa Java zamani.

stoo_gerezani

Asanteni sana wakuu. Majibu haya hapa:

ejb faili 41, jms faili 2, @Schedule faili 3, faces.bean faili 27. Nyuzi ni 5 kweli. Kwenye jstack zote tano ziko `socketRead0`, zikiwa zimeitwa na darasa la kuthibitisha malipo, mara zote tatu. Java ni "Java(TM) SE", 1.8.0_281.

Nimepandisha nyuzi hadi 60 na kijana anaweka muda wa kusubiri. Lakini bado GlassFish hii haipati marekebisho ya usalama, kwa hiyo kuhama kupo palepale.

fundi_wa_bomba

Safi. Angalia na akiba ya kanzidata sasa. Ya GlassFish kwa kawaida inaishia 32, hivyo nyuzi 60 zinaweza kusubiriana hapo. Msiipandishe ovyo: `max_connections` ya PostgreSQL ni 100 kwa kawaida, na 3 kati ya hizo ni za msimamizi. Seva mbili zenye akiba ya 60 kila moja zinataka 120, na siku ya mzigo mkubwa mtaona "sorry, too many clients already". Miunganisho 20 kwa kila seva inawatosha watu 70 na bado.

Kwa EJB 41, Tomcat imetoka mezani. Mimi ningechukua Open Liberty, na sababu yangu ni moja. Mwaka 2020 Jakarta EE 9 ilibadilisha majina ya vifurushi kutoka `javax` kwenda `jakarta`. Seva nyingi zinakulazimisha uvuke mto huo siku ile ile unayohama. WildFly, kwa mfano, iliishia 26.1.3 kwa upande wa `javax`. Kuanzia 27 ni `jakarta` tu, na 26 haiguswi tena. Payara 5 ya `javax` inaendelea kwa wanaolipia. Liberty inabeba pande zote mbili kwenye seva moja: leo unaandika `javaee-7.0` ndani ya `server.xml`, mwakani unabadilisha mstari huo kuwa `jakartaee-10.0` msimbo ukishakuwa tayari. Unahama nyumba kwanza, fanicha unabadilisha baadaye.

Faida ya pili: kwenye JPA (njia ya Java ya kusoma na kuandika kanzidata), Liberty inatumia EclipseLink kama GlassFish. Maulizo yenu yatafanya kazi kama yalivyozoea. WildFly inatumia Hibernate, na hapo ndipo watu wanapoumia. EclipseLink inakuvumilia ukisoma orodha ya uvivu (inayovutwa pale tu inapohitajika) baada ya muamala kufungwa; Hibernate inakurushia `LazyInitializationException`. Kurasa za JSF (teknolojia ya Java ya kurasa za wavuti) zinazofungua ankara na mistari yake zitavunjika moja baada ya nyingine, na nyingine hutazigundua mpaka mwisho wa mwezi.

nyundo_nane

Fundi, kwa heshima, umeeleza nusu. Kwenye JSF mambo ni kinyume: GlassFish na WildFly zote zinatumia Mojarra, Liberty inatumia MyFaces, nazo ni utekelezaji tofauti wa JSF. Mfumo wa stoo una kurasa nyingi kuliko orodha za uvivu. MyFaces ni kali kwenye mambo ambayo Mojarra inayafumbia macho, na PrimeFaces ya zamani (maktaba ya vipengele vya kurasa za JSF) ina visa vyake humo. Chagua maumivu yako.

Mimi ningevuka mto mara moja: WildFly ya sasa na Java 17. Mkihamia `javax` ndani ya Liberty, hiyo "mwakani" haitafika, bosi akiona mfumo unatembea hatatoa bajeti tena. Chombo cha Eclipse Transformer kinabadilisha WAR au EAR yenyewe (faili la mfumo uliokwisha kujengwa) bila kugusa msimbo, mkapima siku hiyo hiyo.

Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza ni zile faili zenu 27 za `javax.faces.bean`, hizo hakiziwezi. `@ManagedBean` imeondolewa kabisa kwenye Faces 4, lazima mtu akae aandike `@Named` na abadilishe upeo wake (muda wa kuishi) kuwa wa CDI, utaratibu mpya uliochukua nafasi yake. Angalieni sana `@ViewScoped`: ipo kwenye vifurushi viwili vyenye jina moja, mkiingiza ule wa zamani fomu itasahau ilichojazwa kila mkibofya. La pili, msifanye badilisha-zote kwa mkono kwenye kihariri. `javax.sql`, `javax.crypto` na `javax.net` ni za Java yenyewe, zinabaki `javax`. PrimeFaces nayo iwe ile yenye kiainishi cha jakarta.

fundi_wa_bomba

Ya MyFaces nakubali, nimeiruka. Na hoja ya bajeti ina ukweli wake. Basi stoo_gerezani, jaribio la siku mbili litaamua: chukua EAR ile ile, ipandishe kwenye Liberty kama ilivyo, na nyingine iliyopitishwa kwenye Transformer kwenye WildFly. Chagua kurasa kumi mnazotumia zaidi na hesabu zinazovunjika. Faili 27 za faces.bean ni kazi ya siku chache tu kwa aliyeandika mfumo, kwa hiyo WildFly haiko mbali kama nilivyodhani mwanzo.

foleni_ndefu

Kafka sasa. Risiti tano kwa dakika kwenye Kafka ni kukodi Fuso kubeba mfuko mmoja wa saruji. Inataka angalau mashine tatu ili iwe salama, na mtu wa kuilea. RabbitMQ ni nyepesi zaidi, lakini hata hiyo siioni hapa.

Risiti za VFD zina kaunta ya jumla na kaunta ya siku, zinapaswa kufuatana. Kwa hiyo mtumaji awe mmoja tu, mwenye kutuma moja baada ya nyingine. Kinachowafaa ni jedwali ndani ya PostgreSQL hiyo hiyo: mauzo yanapoandikwa, kwenye muamala ule ule andika mstari kwenye jedwali la `risiti_zinazosubiri`. Kazi ya pembeni inasoma mstari wa kwanza, inatuma, inaweka alama. Mtandao ukikatika mistari inasubiri, ukirudi inatoka kwa mpangilio. Mauzo yakirudishwa nyuma, mstari unaondoka nayo. Ukiandika mauzo kwanza halafu ndipo utume kwenye foleni ya nje, kuna ule upenyo wa katikati ambapo umeme ukikatika mna mauzo yasiyo na risiti.

Usifuate mifano ya `SKIP LOCKED` (kila mtumaji anaruka mistari iliyoshikwa na mwingine) yenye watumaji wanne. Ni mizuri kwa barua pepe, si kwa kitu chenye kaunta. Na kama jibu halikurudi baada ya kutuma, msitengeneze risiti mpya: tuma ile ile kwa namba ile ile.

kore_kwa_kore

Kabla hamjawasha seva zote mbili kwa pamoja, kuna mitego mitatu ambayo haionekani mkiwa na moja.

Kache ya EclipseLink (nakala ya data ndani ya memori) inashirikiwa ndani ya seva, si kati ya seva. Tegeta wakiuza kichujio cha mwisho kupitia seva A, Mbagala walio kwenye seva B wataendelea kukiona kipo. Kama mtabaki na EclipseLink, weka `eclipselink.cache.shared.default` kuwa `false`.

Vile vipima saa vitatu vya `@Schedule` vitafanya kazi mara mbili, kila seva na lake. Kwenye WildFly hifadhi ya kawaida ya vipima saa ni faili la seva husika. Ihamishieni kwenye kanzidata. Msipofanya hivyo ripoti ya kufunga siku itakuja nakala mbili, na kama inahamisha salio, itahamisha mara mbili.

Mgawanya mzigo (programu inayogawa watumiaji kati ya seva mbili): msitumie `ip_hash` ya Nginx. Tawi zima linatoka nje kwa anwani moja ya IP, kwa hiyo Gerezani yote itaangukia seva moja na nyingine ikae inapepewa. Tumieni HAProxy na kuki: `cookie SRV insert indirect nocache`.

stoo_gerezani

Nimeelewa. Swali dogo: kuna aliyependekeza tuache seva zetu tuweke kila kitu kwenye wingu, Cape Town. Kuna ubaya?

foleni_ndefu

Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya hapa ikayumba. Kama stoo iko Gerezani na kanzidata iko ng'ambo ya waya huo, siku hiyo huuzi hata nati. Wekeni seva kwenye kituo cha data hapa hapa Dar, nakala rudufu ndiyo ziende nje, zikiwa zimesimbwa. Na kwa kuwa zina majina na namba za simu za wateja, someni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 sehemu ya kusafirisha taarifa nje ya nchi.

nyundo_nane

Moja la mwisho, mkija kutumia kontena (kama Docker). Saa ya kontena kwa kawaida ni UTC, iko nyuma yetu saa tatu. Risiti ya saa 7 usiku itaandikwa tarehe ya jana, na `@Schedule(hour="0")` itaamka saa 9 usiku. Weka `-Duser.timezone=Africa/Dar_es_Salaam` kwenye seva zote mbili, na `TZ` hiyo hiyo kwenye kontena. Kwenye kontena pia Java hujikatia robo tu ya memori: ukiipa GB 4 itatumia GB 1 na kulalamika. `-XX:MaxRAMPercentage=70.0` inatosha. Usiweke 95, kontena litauawa na utaona namba 137 tu bila maelezo.

Hamieni Jumamosi usiku, GlassFish mwiache imezimwa lakini haijafutwa mpaka mfunge mwezi mmoja.

stoo_gerezani

Tangu juzi nyuzi 60 na muda wa kusubiri wa sekunde 10, jioni mbili hakuna kuganda. Proforma imerudishwa. Kijana ameanza kuing'oa Java ya Oracle kwenye matawi, Buguruni kakuta kompyuta 6. Jaribio la Liberty na WildFly ni wiki ijayo, nitaleta hesabu ya kurasa hapa.